Mtaro Wangu wa Mita Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Choo kimegoma. Nimevuta maji, yakapanda badala ya kushuka, yakasimama ukingoni kama yananisubiri niseme neno. Halafu yakatokea bafuni. Mke wangu alikuwa bafuni. Tuliache hilo.

Fundi bomba amefika saa nne. Kaingiza waya mrefu kwenye chemba ya nyuma, kauzungusha, ukatoka na fungu la mizizi kama ndevu. Bomba la majitaka ni la zamani, la udongo wa kuchoma, na limepasuka kila mahali. Kuzibua ni kujidanganya, amesema. Litoke lote, mita kumi na nne, kutoka chooni mpaka chemba ya barabarani. Nikauliza bei. Laki tisa. Nikakaa juu ya ndoo.

Wakati mbaya kuliko wote. Mama mkwe ametoka kupasuliwa jicho, anakuja Jumapili kukaa nasi mwezi mzima. Miaka kumi na tisa ya ndoa, hajawahi kulala kwetu. Hulala kwa mdogo wake mke wangu, ambaye mumewe, Bwana Vigae, ana vyoo viwili na kavitandika vigae mpaka darini. Safari hii Mama kachagua kwetu mwenyewe. Mke wangu amebadilisha mapazia mara mbili. Kasema choo kikiwa hivi Jumapili, Mama ataenda kwa Bwana Vigae, na yeye atafuatana naye kumuuguza. Hakupaza sauti. Angepaza ningepata nafuu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na hoja. Mzizi una mwenyewe! Jirani yangu, seremala mstaafu, ana mti mkubwa unaogusa ukuta wetu. Mti wake, mzizi wake, nusu ya gharama yake. Nimeosha kipande, nikakifunga gazetini, nikaenda kubisha hodi kwa heshima zote.

Jirani hakukasirika. Kakikata kwa kisu, katazama nyuzi zake, kanishauri nionje. Nikaonja. Chungu! Akauliza, mtaa huu wote, ni nani mwenye mwarobaini? Ni mimi. Niliupanda mwenyewe mwaka tuliohamia. Juu ya bomba.

Nikaona ni uungwana kumwambia mzizi umetoka wapi. Akasema anajua, ndiyo maana hakuonja yeye. Akaniletea maji ya kusukutua.

Jumatano, 5 Machi

Nimemtaka fundi aniandikie mchanganuo. Mabomba, viungo, sementi, kubomoa sakafu, yote sawa. Lakini kuchimba na kufukia, laki nne. Laki nne za shimo! Shimo ni kitu ambacho hakipo. Siwezi kulipia kitu ambacho hakipo.

Nimeomba likizo ya siku tatu kazini na kununua sururu. Nimempigia fundi kumwarifu kuwa nitachimba mwenyewe, yeye alete mabomba tu Jumamosi. Kasema, haya mzee, kuchimba nako kuna kazi yake. Nikamjibu kwamba mimi ni karani wa masjala mwaka wa ishirini na mbili, kazi naijua.

Tunatumia choo cha jirani. Mke wangu huenda na bakuli lililofunikwa, ili watu wadhani anapeleka chakula. Bakuli ni tupu. Jirani hulipokea na kushukuru.

Ijumaa, 7 Machi

Mtaro umekamilika! Siku mbili na nusu. Malengelenge tisa, moja mahali nisipoweza kueleza.

Nakiri nilisaidiwa kitaalamu. Jana jirani alichungulia akaona chini pana mabonde, akasikitika kama seremala. Akaleta pimamaji yake. Tukaenda hatua kwa hatua, mimi nikichonga udongo, yeye kapiga magoti akiangalia kile kitone cha hewa. Leo saa kumi na moja kimesimama katikati, barabara, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mita kumi na nne! Jirani kasema ametengeneza meza za maharusi ambazo hazikunyooka hivi. Tulisimama tukautazama mtaro. Nilitamani kupigwa picha.

Mke wangu kanikanda mgongo. Kasema labda nilikuwa sahihi. Ni maneno yake hayo. Nayaandika na saa: moja na dakika kumi jioni.

Jumamosi, 8 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Fundi katazama mtaro. Kachota ndoo ya maji, kaimwaga upande wa chooni. Maji yakatembea kidogo, yakatulia. Tukayatazama. Nayo yakatutazama.

“Mzee,” kasema, “hapa weka samaki.”

Bomba la majitaka linataka mteremko. Sentimita mbili kwa kila mita, la sivyo mzigo unabaki palepale ulipoachwa. Kauliza nani alishika pimamaji. Jirani akakumbuka ana gundi inakauka nyumbani.

Kwa hiyo upande wa barabara uchimbwe sentimita ishirini na nane zaidi, na huko chini ni mawe matupu. Vibarua wawili, tena wa mwisho wa wiki. Hesabu mpya: laki tisa na elfu sitini. Nimejichimbia bure na kuongeza elfu sitini juu. Na kazi itaisha Jumanne, si kesho.

Mke wangu kasikia yote dirishani. Ametoa begi kabatini. Begi dogo. Nimejipa moyo kwa udogo wake.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe kaletwa na Bwana Vigae, kwa gari lililooshwa. Bwana Vigae kachungulia mtaroni, kasema kwa upole kwamba kwake nafasi ipo, na chumba kina choo chake. Mke wangu alikuwa kasimama mlangoni na lile begi. Nikaona miaka kumi na tisa inaondoka kinyumenyume.

Mama, bandeji jichoni, kasogea mpaka ukingoni. Kauliza nani kachimba. Nikasema mimi. Kaniambia, hebu viganja, baba. Nikampa. Kavitazama kwa jicho moja, muda mrefu. Kisha kauliza mbona wanachimba tena. Nikamweleza habari ya pimamaji. Yote. Sikuficha hata kitone cha hewa.

Mama akacheka! Mke wangu akapiga kelele, Mama, jicho, daktari amekataza. Mama kalishika kwa mkono, kaendelea. Kasema kumbe mwanawe kaolewa na mtu aliye baba yake mtupu. Marehemu mumewe alijenga banda la kuku, akalipigilia misumari yote, naye yumo ndani. Kasema pia kwamba kwa Bwana Vigae hutembea akishika kuta kwa kuogopa kuteleza, na hakuna anayemchekesha. Kamuuliza jirani, aliyekuwa akichungulia juu ya ukuta, choo chake kiko upande gani.

Bwana Vigae kaondoka na gari lake safi. Begi limerudi kabatini. Mke wangu kanipa chai kwenye kikombe cha wageni.

Jumanne, 11 Machi

Bomba liko chini, la plastiki, jipya. Saa nane fundi kavuta maji. Sote tumesikiliza mlangoni. Yakaenda! Mama kapiga vigelegele.

Ijumaa, 14 Machi

Mambo makubwa. Muuza viatu wa ng’ambo ya barabara bomba lake limeziba. Fundi kamwambia laki nane. Nimekwenda upesi kumwambia asikubali kuibiwa. Siri ya kazi hii ni mteremko, na sasa ninayo. Sentimita mbili kwa mita ni ubahili. Mimi nitampa kumi. Maji yatashuka kama yanafukuzwa! Kafurahi sana. Tunaanza Jumatatu.

Fundi kapata habari, kanisimamisha barabarani. Kadai mteremko mkali nao ni balaa, eti maji hukimbia peke yake yakauacha mzigo nyuma. Wivu wa kazi. Nimempa pole.

Mama mkwe alipaswa kuondoka mwezi wake ukitimia. Nimewaeleza mpango wangu mezani, mke wangu kafunika uso kwa mikono. Lakini Mama kaweka kijiko chini, kasema haondoki hapa mpaka aone mtaro huo umefikia wapi, hata iwe miezi mitatu.

Sijawahi kuaminiwa hivi.