Turubai Mbele ya Duka la Vitenge

Jumapili, 9 Julai 2006
Nimetoka kanisani. Mtaa mtupu. Tangu mabasi yahamie stendi mpya, hapa wanapita mbuzi, na mbuzi hawanunui vitenge. Mama Devotha, fundi anayeshonea kwenye baraza yangu mwaka wa kumi na moja sasa, kanisalimia kwa upole mno. Nikajua kuna jambo. Amedeus, mwenye duka kubwa kule stendi, kampa nafasi. Jumamosi anahamisha cherehani. Bila fundi, nani atanunua kitambaa kwangu? Nimekwisha! Nikamwambia atulie, nina mpango. Sikuwa nao.

Jumatatu, 10 Julai
Mpango ninao! Watu hufuata penye watu. Basi: kivuli, mabenchi, chai ya bure mbele ya duka. Ufunguo wa stoo ya jumuiya yetu ya kanisa ninao mimi. Nimekokota turubai na mabenchi kwa mkokoteni, nikalifunga mwenyewe giza likiingia. Hakuna aliyeniona. Vizuri, Amedeus asije akaiga.

Jumanne, 11 Julai
Alfajiri nilifunga duka, nikaenda kijiji cha Bonga kwa baiskeli kufuata maziwa ya chai. Pancha! Nimerudi kwa miguu, saa saba mchana. Mtaa umejaa! Watu mpaka kona. Nikajisemea, Nestory, una akili.

Kisha nikaona maduka yote yamefungwa. Turubai likifungwa usiku mmoja, watu hawaulizi, wanakuja kuzika. Mimi ni mgane, naishi peke yangu, duka lina kufuli, sionekani. Wakajua aliyekufa ni mimi. Katekista Theodori alikuwa anaongoza rozari. Amedeus akasimama, akasema sikuwahi kumdhulumu mteja. Hakusema kwamba wateja wenyewe sikuwa nao. Mama Devotha, kanga kichwani, alilia mpaka mabega yanatikisika. Akaapa hahami, hawezi kuiacha baraza ya marehemu.

Nilisimama nyuma na ndoo yangu ya maziwa, nikisikiliza. Tangu mke wangu afariki sijapendwa hivyo. Nilitamani waendelee. Halafu mama mmoja akageuka. Makelele! Mabenchi mawili yamevunjika.

Jumatano, 12 Julai
Majirani wamepoteza siku nzima ya biashara kwa ajili yangu. Hakuna anayeitikia salamu. Katekista amechukua ufunguo. Mama Devotha kaniuliza jambo moja tu: kwa nini nilisimama pale nikimtazama analia. Akasema kiapo alimwapia marehemu, na marehemu hayupo. Akasema pia kwamba miaka yote hiyo hakuhitaji turubai wala chai. Ningemwomba tu abaki, angebaki. Nimemwambia nitalifikiria.

Jumapili, 16 Julai
Jana amehama. Cherehani ilipokwisha kupakiwa, alisimama barazani muda mrefu, kama anayesubiri neno. Nilikuwa nahesabu siku kwenye kalenda, nikaogopa kupoteza hesabu. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshafika kona.

Leo baraza ni tupu na inaniuma, sitaficha. Nimefagia vipande vya vitambaa vyake, nikashindwa kuvitupa. Lakini Jumanne walikuja watu zaidi ya mia mbili, mtaa huu huu! Na msiba una arobaini yake. Inaangukia Jumamosi, tarehe 19 Agosti, siku nzuri ya biashara. Nitakodi maturubai mawili, na safari hii duka litakuwa wazi.