Tuazimwe Watu wa Texas

Dagoretti,
12 Agosti 1957

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwanafunzi, na mbele ya watu sauti hunikauka, ndiyo maana naandika.

Mjomba wangu ni mpishi Lavington. Juzi alipewa viatu vikuukuu vilivyofungwa kwa gazeti la Amerika. Viatu akavaa yeye, gazeti nikasoma mimi. Kumbe huko Texas watu wasemao Kihispania, ambao watoto wao walitengwa shuleni, waliunganisha vyama vyao, wakaenda mahakamani, wakasikilizwa.

Sisi tuliotoka magharibi mwa Kenya tuna vyama kumi na vinne hapa Nairobi, navyo vina Umoja. Mwezi wa Januari niliuomba uwaandikie wakubwa wa mji ili wanafunzi Waafrika turuhusiwe kuingia maktaba ya mjini. Sitaki kiti, hata kwa kusimama nitasoma. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mikutano mitatu ilipita ikitafuta chama kipi kitajwe kwanza. Ikapendekezwa tufuate alfabeti. Wenye herufi W wakasema huo ni ubaguzi.

2. Mwenyekiti, Bwana Zedekiah, alisema barua isiyo na mhuri ni porojo. Basi kila chama kikapiga mhuri wake, na hakuna kilichokubali kupiga pembeni. Mihuri yote kumi na minne ikakaa juu ya ombi lenyewe. Karani wa mji akairudisha barua, akiuliza kwa adabu tunataka nini.

3. Imeundwa kamati ya kujibu swali hilo. Mama Rael, anayetupikia chai, alipouliza, "Si ni vitabu, jamani?" aliambiwa angoje zamu yake. Yeye ni wa kumi na moja.

4. Vyama viwili vimepasuka, na vipande vyote vinne vinadai mhuri. Sasa tuko kumi na sita.

Kwa hiyo naomba tuazimwe wale watu wa Texas, miezi sita tu. Kiswahili watajifunza. Kwa kubadilishana tutawapelekea kamati yetu, mradi wawe hawana kesi yoyote ya haraka.

Wasalimie wapiga chapa wote, na nyumbani kwako pia.

Msomaji wako,
Zadock Ogutu

N.B. Tafadhali usiichapishe barua hii. Jana Umoja ulinichagua katibu msaidizi kwa ajili ya mwandiko wangu, nikapewa kiti chenye mikono. Ukikaa pale unaona kwamba mambo haya ni mapana, na sisi vijana tuna papara. Habari ya maktaba tutaizungumza wakati wake ukifika.