Kichwa cha Shibiri Tisa

"Chini ya jua hili hakuna mtu mwenye picha yangu," Ejembi Onazi alipenda kujisifu kila burukutu, ile pombe ya mtama, ilipomfika kifuani, na hadi Jumatatu ile maneno yake yalikuwa kweli tupu. Picha ya shule hakuwa nayo, kwa sababu siku ya kupigwa picha aliuza nafasi yake. Ya harusi hakuwa nayo, kwa sababu bibi harusi anamtafuta mpaka leo. Uso wenyewe ulikuwa kama umeumbwa siku ya mapumziko: si mbaya, si mzuri, ukishaupa kisogo umeusahau. Kwa mtu wa kazi yake, uso wa namna hiyo ni shamba.

Na kazi yake ilikuwa ipi? Tuiheshimu kwanza. Tuseme tu kwamba mwaka uliopita, katika mji jirani wa Akpoge, aliwauzia wakulima mbolea ya serikali kwa nusu bei. Walipofungua mifuko walikuta majivu ya kuni, tena ya kuni za kwao wenyewe. Walipoulizwa na polisi mwizi anafananaje, mmoja alisema mrefu, mwingine akasema mfupi, wa tatu akaapa kwamba alikuwa mwanamke.

Basi Jumatatu hiyo gari la matangazo la serikali ya jimbo likaingia mjini kwetu Ojigbe, kipaza sauti juu, vumbi nyuma. Jumamosi, lilisema, mpango wa Serikali Mlangoni Pako utafika katika uwanja wa shule ya msingi. Kamishna mwenyewe atakuja kusikiliza malalamiko. Watoto wataandikiwa vyeti vya kuzaliwa. Madaktari watapima macho na kugawa miwani bure, na wenye mtoto wa jicho wataandikishwa kufanyiwa upasuaji. Mji unaombwa uandae kivuli, viti na umeme.

Watu wote walisikia miwani. Ejembi, aliyekuwa amekaa kibandani akila viazi vikuu vya kuchoma kwa mafuta ya mawese, alisikia vichwa.

Maana kwetu serikali haiji hivi hivi. Ikija ni lazima ikute bango njia panda. Katikati ya bango Gavana anatabasamu, na pembeni yake vinajipanga vichwa vya wakubwa wanaomshukuru. Ukubwa wa kichwa ndio ukubwa wa mtu. Wapo watu walionyimana salamu miaka mitano kwa sababu kichwa cha mmoja kilimzidi mwenzake vidole viwili. Chini kabisa, kwenye kona, hubaki nafasi ya kichwa kimoja cha ukubwa wa karanga, cha mtu asiye na mbele wala nyuma. Huyo tumwache.

Kesho yake Ejembi alivaa suti ya kuazima, akajipa jina la kuazima, Mratibu Emmanuel Odeh kutoka makao makuu ya jimbo, akaenda kwa Chifu Ogaba, mwenye kituo cha mafuta.

"Chifu, nimetumwa kupima vichwa," alisema.

"Vichwa vipi?"

"Vya bango. Chako nimekipangia shibiri tano, kulia kwa Gavana. Tatizo kuna ndugu mmoja, sitamtaja, anataka hapohapo kwa shibiri sita."

"Ni Idoko?"

"Nimesema sitamtaja, Chifu."

"Ni Idoko. Yule kichwa chake mwenyewe hakifiki shibiri mbili. Niandikie saba."

Mheshimiwa Idoko alikuwa diwani mstaafu, aliyestaafishwa na wapiga kura. Yeye aliposikia saba aliomba nane. Ejembi akarudi kwa Chifu, akamnong'oneza kwa masikitiko makubwa, Chifu naye akapanda nane. Hadi adhuhuri vichwa vyote viwili vilikuwa na shibiri nane, vyote kulia kwa Gavana, na koti la suti ya kuazima lilikuwa limevimba pande zote mbili. Nia ya Ejembi ilikuwa kuondoka Ijumaa, kabla bango halijahitajika.

Kilichobaki ni sampuli, kwa kuwa mkubwa hatoi fedha yote mpaka aone kichwa chake kwenye karatasi. Sampuli zilimpeleka kwa Elayo, dada anayechapa mabango karibu na soko. Elayo alichapa ya Chifu, akachapa ya Idoko, akaziweka pamoja mezani, akazitazama. Mtu anayechapia mji mzima mialiko ya harusi na matangazo ya misiba hahitaji kuambiwa mara mbili.

"Kaka Mratibu," aliuliza taratibu, "makao makuu wametuma na vivuli?"

"Vivuli si idara yangu."

Elayo akamsimulia, akiendelea kukata karatasi. Madaktari hao walishakuja mwaka juzi. Mji haukuandaa chochote, vipimo vikaungua jua uwanjani, na ilipofika saa sita wakafunga virago wakiwa wamefika mgonjwa wa ishirini na sita. Mama yake mzazi alikuwa wa arobaini na moja. Sasa jicho moja la mama limezimika kabisa na la pili linaona mwanga wa mlango tu. Safari hii kamati ya mji ilikwenda kwa Chifu Ogaba na kwa Mheshimiwa Idoko kuomba maturubai, viti na jenereta. Wote wawili walijibu hali ngumu.

Ejembi alisema pole, na pengine aliimaanisha, maana pole ni bure.

"Lakini hao wako wawili ni dagaa," Elayo aliendelea. "Papa humjui. Nenda ghala la viazi, nyuma ya soko, umuulize Bi Eneyi. Huyo ana kiu ya bango tangu ujana wake."

Ejembi alimkuta bibi huyo ameketi juu ya kigoda, kitambaa cha mistari myekundu na myeusi mabegani, na pande zote viazi vikuu vimepangwa kama magogo mpaka darini. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa. Alikuwa akivipapasa viazi kimoja kimoja na kuvihesabu. Malori mawili yalimsubiri yeye ndipo yaondoke kwenda Lagos. Ejembi alimeza mate.

"Nataka kichwa sawa na cha Gavana," Bi Eneyi alisema baada ya kumsikiliza. "Wale wawili wamekulipa kiasi gani?"

Ejembi alitaja, akiongeza kidogo kwa ajili ya afya yake.

"Nitalipa mara tatu. Ila mimi sioni, mwanangu, na asiyeona hudanganywa na kila mwenye karatasi. Kwanza niletee kitambulisho chenye picha yako, nisomewe. Pili, matapeli huja na mkoba. Serikali huja na viti. Siku nikiketi kwenye kiti chako, chini ya turubai lako, nikisikia jenereta lako linanguruma, hapo nitajua kweli umetumwa."

Hapa mtu mwenye akili angeuliza maswali mawili. Viazi hivi ni vya nani? Angejibiwa: ni vya matajiri wa Lagos, Bi Eneyi ni mhesabuji tu, kwa sababu vidole vyake havijawahi kukosea hata kiazi kimoja. Na je, bibi huyu ana mtoto? Angejibiwa: anaye mmoja, anachapa mabango, anaitwa Elayo. Ojigbe nzima ingemjibu. Lakini Ejembi hakuuliza, kwa sababu kichwani mwake lile neno "mara tatu" lilikuwa linacheza ngoma.

Alipiga hesabu usiku mzima. Maturubai sita, viti mia mbili na jenereta vingemeza yote aliyochota kwa Chifu na Idoko. Ndoana kubwa hutaka chambo kikubwa, akajiambia, na Jumatano asubuhi alikuwa mbele ya kamera ya Elayo, kidevu juu, kofia ya mistari kichwani, kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

"Utaifuta?" aliuliza.

"Nikishaichapa, nitahitaji ya nini tena?" Elayo alijibu. "Usikunje uso."

Alhamisi na Ijumaa uwanja wa shule uliona maajabu. Mratibu alikuwa kila mahali. Aligombana na wafunga maturubai kwa sababu nguzo moja ilipinda. Alirudisha viti kumi na viwili vilivyovunjika miguu. Aliionja dizeli ya jenereta kwa ncha ya ulimi, akakataa galoni moja kwamba imetiwa maji, na kweli ilikuwa imetiwa. Hakuna mtumishi wa umma, tangu jimbo letu liumbwe, aliyewahi kutumikia umma kwa uchungu namna ile.

Ijumaa alasiri Bi Eneyi aliletwa. Alisomewa kitambulisho. Alipapasa kiti, akaketi, akainua uso kusikiliza turubai likipigwa na upepo.

"Kivuli kizuri," alisema. "Kesho asubuhi basi, mwanangu. Nitakulipa mbele ya Kamishna, mkono wangu uonekane."

Kwa miaka ishirini maneno hayo, "kesho asubuhi basi," yalikuwa yakitoka kwa Ejembi kwenda kwa wengine. Alipekua mifuko ya koti, ilibaki nauli.

Jumamosi alfajiri alibeba mkoba wake akaenda njia panda kutafuta bajaji. Jua lilikuwa linachomoza nyuma ya bango. Bango lenyewe lilikuwa pana kama ukuta wa kanisa. Gavana alikuwa pembeni, anatabasamu kwa adabu. Chifu Ogaba na Mheshimiwa Idoko walikuwa chini, kila mmoja shibiri moja kamili, wala hakuna aliyemzidi mwenzake hata ukucha. Na katikati, shibiri tisa kutoka kidevu hadi kofia, alikuwa yeye, kila kinyweleo mahali pake. Chini yake pameandikwa: OJIGBE INAMSHUKURU NDUGU EMMANUEL ODEH KWA KUTOA MALI YAKE KUTULETEA KIVULI, VITI NA UMEME. Jina la kuazima, uso wake mwenyewe. Na bango alilipia yeye, ndani ya bei ya Elayo ya sampuli na kitambulisho.

Bajaji ilisimama. Dereva alitazama juu, akatazama chini, akazima injini.

"Mkubwa, siwezi kukupeleka stendi," alisema kwa heshima. "Mji utasemaje? Panda nikupeleke uwanjani. Nauli yako siigusi."

Chifu na Idoko walikuwa wameshafika uwanjani, nyuso zimevimba kuliko vichwa walivyoahidiwa. Walimtazama Ejembi, wakatazamana. Ili mtu aseme ameibiwa, ni lazima kwanza aseme alikuwa ananunua nini, na aliijibu nini kamati ya mji ilipomwomba turubai. Wananchi wakaanza kuwashangilia kwa shibiri zao. Idoko, siasa ikiwa damuni, alipiga makofi wa kwanza. Chifu akapiga kwa nguvu zaidi, asije akapitwa.

Ejembi aliketishwa meza kuu, kushoto kwa Kamishna. Kamishna alimshika mkono, akasema jimbo likipata wananchi kumi wa aina hii atapumzika. Wapiga picha wakapiga. Wakapiga tena.

Bi Eneyi alikuwa wa kwanza kupimwa. Daktari aliandika jina lake kwa upasuaji wa Jumanne, na Elayo, aliyekuwa amemshika mkono, aligeuka upande wa ukuta akapangusa uso kwa kanga.

Baada yake wakaja wenye miwani, na hapo ndipo mambo yalipoiva. Watu walitoka hata miji jirani, na anayepewa miwani huambiwa atazame mbali aone kama inamfaa. Mbali palikuwa na kitu kimoja tu cha kutazama. Mzee wa kwanza kutoka Akpoge aliivaa, akatazama bango, akasema anaona vizuri. Akatazama tena. Akasema anaona vizuri mno. Akamgusa mwenzake aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, naye akavaa ya kwake. Walipofika wanne, wote waligeuza miwani pamoja kuelekea meza kuu.

Ejembi alimwinamia Kamishna akaomba ruhusa ya kwenda kujisaidia. Kwa ninavyosikia, bado anajisaidia. Alipanda ukuta wa shule akiacha kiatu kimoja na mkoba, na polisi wa Akpoge sasa wana picha nzuri sana ya rangi.

Bango lipo njia panda mpaka leo, na mgeni akiniuliza huyu bwana mkubwa ni nani, mimi humsimulia. Juzi nilikuwa nawasimulia walimu wapya wawili, nikamalizia kama kawaida: mimi binafsi sikuwahi hata kumsogelea tapeli yule, na mtu aliyesoma hauziwi kichwa.

Sikumwona Bi Eneyi akija. Siku hizi hutembea peke yake, macho yanang'aa kama ya mtoto, na hakuna kitu asichosimama kukikagua. Alisimama nyuma yetu, akanyoosha kidole, akaanza kuhesabu vichwa vya bango kama anavyohesabu viazi.

"Gavana. Mwizi. Ogaba. Idoko." Kidole kikashuka mpaka kwenye kona. "Na hiki cha karanga?"

Alinitazama mimi, akatazama kona, akanitazama tena.

"Mwanangu," alisema, "wewe alikutoza kiasi gani?"

"Elfu tano," nikasema. "Na aliniahidi shibiri nzima."