Mwaka Huu Maporomoko ya Nyahururu Yataniona Mimi

Jumatatu, 11 Agosti

Ni rasmi! Jumamosi kwaya yetu inaenda Nyahururu kutengeneza video kwenye maporomoko. Mama Nafuna, mwalimu wetu wa kwaya, ametangaza leo baada ya mazoezi. Tutasimama kwanza pale juu ya Bonde la Ufa wanapouza kofia za manyoya ya kondoo. Kisha bustani moja ya kando ya barabara, yenye maua na kidaraja. Halafu maporomoko yenyewe. Watu wamepiga makofi. Mimi nimepiga kuliko wote, na hakuna aliyejua sababu.

Sababu ni Mzee Muia kule Kitui, baba ya Kasyoka wangu. Siku ya kwanza kukutana aliniuliza Nairobi nafanya nini. Nilimwambia nachomelea mageti hapa Gatina. Nikaona jibu limekuwa fupi, nikaongeza kwamba mimi pia ndiye mwimbaji mkuu wa kwaya. Limetoka, limetoka! Desemba nataka kupeleka mbuzi wa ntheo, ijulikane mbele ya wazee kwamba Kasyoka ana mwenyewe. Mzee amesema hapokei mbuzi wa mwongo. Anangoja kuniona kwenye video kwanza.

Video ya mwaka jana haikunisaidia. Mimi huimba besi, mstari wa nyuma, na mbele yangu husimama Murunga, ambaye Mungu alimuumba kama kabati la nguo. Kilichoonekana ni kiwiko changu. Kasyoka anasema mzee alirudisha nyuma tena na tena, kisha akauliza kama kiwiko ndicho kinachoimba.

Safari hii atauona uso wote. Mwimbaji mkuu halisi ni Wesonga, mwendesha boda boda. Hilo ni tatizo dogo.

Jumanne, 12 Agosti

Wazo limenijia kazini, miwani ya kuchomelea ikiwa usoni. Kwenye video hakuna anayeimba! Sauti tulizirekodi studio mwezi jana. Jumamosi spika itacheza wimbo, na sisi tutachezesha midomo tu. Sasa mwimbaji ni nani? Ni yule aliyesimama mbele mdomo wazi. Wesonga aliimba, hongera zake, abaki na sauti. Mimi nataka mdomo. Akili ni nywele, na zangu ni rasta.

Na anayesimama mbele hujulikana kwa nguo. Kwaya yote itavaa kitenge cha bluu. Wa mbele peke yake atavaa shati la rangi ya dhahabu, ili Kitui nzima ijue wa kutazama. Nikaenda kwa Nekoye, anayetushonea sare na pia huimba alto. Nikamwambia Wesonga amebanwa na kazi, kanituma nipimwe kwa niaba yake, kwa sababu miili yetu ni sawa.

Nekoye alinitazama juu hadi chini. Hakuchukua muda mrefu. Wesonga ni mlingoti wa stima. Mimi, kama asemavyo Kasyoka, nimefungashwa vizuri. Akauliza kama Wesonga amefupika. Nikasema kamera za siku hizi hurefusha watu, lazima fundi apunguze mapema. Akasema yeye kazi yake ni sindano, maneno ni yetu, akachukua futi.

Alhamisi, 14 Agosti

Mpango wa akiba. Nimemfuata Wesonga pale stejini nikamweleza, kama rafiki, kwamba maporomoko yale huwapa kizunguzungu watu warefu. Kichwa kiko mbali na ardhi, damu inachelewa. Nimemshauri abaki nyumbani.

Amecheka sana. Amesema amekulia kando ya Nzoia na huogelea kama kambare. Kisha akaniuliza habari za Kasyoka, akasema ananiombea mambo ya Kitui yaende sawa. Akanibeba hadi nyumbani bila kutaka chochote. Sipendi mpinzani mwenye roho nzuri. Anachelewesha kazi.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika ndani ya basi la shule tulilokodi, mkono unaruka. Lakini lazima niandike. Mambo yameiva!

Pale kwa wauza kofia, upepo ukivuma, Mama Nafuna aligawa sare. Wesonga akalivaa shati la dhahabu. Vifungo vikakataa kukutana. Mikono ikaishia kwenye viwiko. Tumbo likabaki nje linaangalia Bonde la Ufa. Kwaya ilicheka mpaka wauza kofia wakaacha wateja wakaja kuona. Mama Nafuna akasema yeye hampelekei Mungu kitovu. Akauliza litamtosha nani. Nikasema kwa unyenyekevu kwamba si vibaya nikijaribu.

Likanikaa! Mabega, tumbo, hadi kola. Murunga akasema huu ni mkono wa Bwana. Nekoye alikuwa anatazama bonde kwa makini sana, kama mtu anayetafuta nyumba yao kule chini.

Wesonga hakukasirika hata kidogo. Aliniambia, "Hakuna noma, buda. Simama mbele. Wataona wewe, watasikia mimi." Akaenda kusimama karibu na Murunga. Mtu wa ajabu.

Bustani imetushinda. Tumekuta harusi imetutangulia. Kila ua lina bibi harusi, kila kona ina mpiga picha. Tulipojipanga pembeni, mama mmoja mwenye kilemba kikubwa alikuja kutuuliza sisi ni wa upande gani. Murunga akasema upande wa bwana harusi, akapewa soda. Mama Nafuna akatuondoa kabla hajapewa sahani. Elvis, kijana wa Ayany anayetupiga video, aliwahi kurekodi maua machache, basi. Kila kitu sasa kitafanyika kwenye maporomoko. Vizuri zaidi. Sikushonewa shati hili nisimame kwenye maua ya watu wengine.

Jumapili, 17 Agosti

Jana jioni sikuandika. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nyahururu kuna baridi ya kuadhibu wenye dhambi.

Tuliteremka zile ngazi hadi chini kabisa. Sijawahi kuona maji yakianguka hivyo. Kwa muda nilisahau hata shati. Unatazama juu, maji yanakuja bila kupumua, na moyo unataka kusema asante bila kujua kwa nani uanzie. Kisha nikakumbuka kazi.

Hakuna aliyenionya juu ya kelele. Spika ya Elvis, ambayo hapa Gatina huamsha ploti nzima, kule chini ilikuwa mbu. Elvis akatangaza jambo kwa sauti kubwa. Niliona mdomo wake tu. Nikaitikia kwa kichwa kuonyesha nimeelewa. Akainua mkono. Mara Mourine, msichana wa Soweto West anayeimba sauti ya kwanza, akasogea mbele. Nilishangaa, ana haraka gani? Nikampita, nikamkanyaga kidogo. Nikakanyaga majini hadi kwenye jiwe la mbele, maji yakanifika magotini, marasharasha usoni. Nikafungua mdomo.

Nilimtolea Mzee Muia ubeti wote! Nilikunja uso. Niliinua mikono. Nilifumba macho pale inapobidi. Sikulia, lakini kwa yale maji ungeapa nalia. Nyuma yangu Mourine alikuwa ananivuta shati. Mwanzoni nilidhani ni Roho. Baadaye nikatambua ni wivu.

Elvis akanionyesha dole gumba. Kazi kwisha! Nikapanda ngazi hadi kwenye basi, nikavua nguo mbichi, nikajipongeza kwa mahindi ya kuchemsha. Wenzangu walichelewa sana kule chini. Waliporudi, Mama Nafuna aliuliza nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa namshukuru Mungu faraghani. Mourine hakunisemesha hadi Kangemi, na hapo aliniambia tu nimkanyage mwingine.

Nimempigia Kasyoka. Nimemwambia amwandae mzee.

Ijumaa, 22 Agosti

Video imetoka. Nimeitazama nikiwa nimekaa. Nikaitazama tena nikiwa nimesimama. Haibadiliki.

Kumbe lile tangazo la Elvis lilikuwa hivi: jua linaondoka, tuanze na ubeti wa pili. Ubeti wa pili ni wa Mourine. Ningejuaje? Sisi wa besi hatusikilizi beti. Kazi yetu huanza kwenye kiitikio. Watu wakiimba beti mimi huwa nafikiria mambo yangu.

Kwa hivyo iko hivi. Mwanamume mnene mwenye shati la dhahabu anasimama chini ya maporomoko, anakunja uso, anafungua mdomo, na anatoka Mourine. Sauti nyembamba, safi, inapanda hadi juu yanakoanzia maji. Kisha unafuata ubeti wa Wesonga, ule ambao zamu yake ilinikuta kwenye basi nikila mahindi. Elvis ameujaza maji matupu, ndege mmoja, na maua ya harusi ya watu.

Gatina yote imeona. Watoto wa ploti, waliokuwa wakiniita Kavoi tu, sasa wananiita Sista Kavoi. Wesonga alikuja kunitazama, akajaribu kunifariji, akashindwa, akaenda kuchekea nje. Na Kitui pia wameona. Kasyoka alipiga simu lakini sikujua kama anacheka au analia, na sidhani yeye alijua.

Niandike ukweli, kwani hakuna mtu atakayesoma. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nampenda yule msichana. Leo mchana nilichomelea geti la mteja nikaliweka komeo upande wa nje, kwa sababu nilikuwa nawaza kwamba nimempoteza.

Baada ya chai nimejisikia nafuu. Nimeitazama tena. Uso na sauti, kwa kweli, vinapatana.

Jumapili, 24 Agosti

Kasyoka amepiga simu wakitoka kanisani. Ameniambia niketi. Nikaketi kwenye jerikeni.

Mzee Muia ametoa uamuzi. Amesema sauti ile si yangu, hata mbuzi wake waligundua. Amesema mimi ni mwongo, na si mwongo hodari. Lakini amesema pia kwamba aliona mtu ameingia maji baridi hadi magotini, anatetemeka, mbele ya nchi nzima, ili tu baba wa msichana amwone uso. Akasema wajanja wengi wamewahi kuja kumtaka Kasyoka, na hakuna aliyelowa hata soksi. Nilete mbuzi Desemba. Atawapokea.

Atawapokea! Nilikumbatia jerikeni. Nilitoka nje nikamwambia kila mtu, hadi Murunga, aliyeniinua juu kama mtoto.

Kuna sharti moja tu. Nisiimbe. Kasyoka alilirudia polepole. Nisiimbe siku ya mbuzi, nisiimbe njiani, na wakati wa maombi hata amina niiseme kwa sauti ndogo. Akaniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia.

Nimelitafakari sharti hilo mchana kutwa. Kwa nini mzee mwenye busara asisitize jambo dogo hivyo? Mzee hamkatazi mtu kuimba ila yule ambaye kuimba kwake kunamkosesha usingizi. Mzee anataka kushangazwa. Anaona haya kuomba, basi. Wazee wa kwetu ndivyo walivyo.

Nimeenda hadi Soweto West kwa Mourine. Nimemwomba msamaha kwa ile ya jiwe. Kisha nikamuuliza kama Desemba ana nafasi, na kama anaweza kusimama kwa utulivu nyuma ya zizi la mbuzi akiwa ameinama kidogo. Amenifungia mlango, tena kwa nguvu.

Haidhuru. Nekoye ana kitambaa cha dhahabu kilichobaki. Sauti nitaitafuta mwenyewe, nimeshaanza mazoezi hapa chumbani, ile ya kwanza kabisa, ya juu. Jirani anagonga ukuta. Anagonga kwa mdundo, na kadiri ninavyopanda ndivyo anavyozidisha makofi.