Sauti ya Wavinya kwenye Redio ya Susu

Jumatatu, 25 Novemba 2024. Kasikeu.

Madaktari wa macho wanakuja mjini Wote Ijumaa. Siku moja tu, halafu hadi mwaka ujao! Jicho la kushoto la Susu, nyanya yangu, limekufa. La kulia linaona vivuli tu, na mwaka ujao halitaona hata vivuli hivyo. Lakini amekataa katakata kwenda. Jicho halikatwi, anasema, mpaka asikie neno la dada yangu Wavinya aliye Doha. Wavinya akatuma ujumbe wa sauti kwa simu yangu leo leo. Susu akaisukuma simu kando. Simu hudanganya, alisema. Redio ndiyo haijawahi kumdanganya. (Mwaka juzi mtu alimpigia kwa sauti nyembamba, akajiita Wavinya, akasema yuko njiani anakuja. Susu akachinja jogoo na kungoja siku nzima. Nilikuwa ni mimi. Mzaha tu! Nani atamwambia?)

Basi Wavinya atasikika redioni. Redio ya Susu ina tundu la kadi ya memori. Binamu yangu Kyule, mwenye duka la simu sokoni, akasema redio hiyo inasoma MP3 pekee, na sauti za WhatsApp si MP3. Nimpelekee abadilishe, ni dakika mbili. Halafu Kasikeu nzima isikie Kyule ndiye aliyeokoa jicho la Susu? Sipeleki.

Jumanne, 26 Novemba.

Nimegundua siri! Jina la faili linaishia na .opus. Nimefuta huo mkia, nikaandika .mp3. Hii ndiyo kazi ambayo Kyule anajivunia? Nikaweka kadi, nikamketisha Susu. Redio ikaonyesha namba moja, ikanyamaza. Nikabonyeza tena. Kimya. Kama Wavinya ameshindwa kuongea, Susu alisema, basi ni mgonjwa na sisi tunamficha. Hata chai alikataa.

Kyule akapita, akacheka. Akaniuliza kama mbuzi wangu nikimwita ng'ombe nitamkama ndoo mbili. Simpendi huyu mtu.

Jumatano, 27 Novemba.

Zimebaki siku mbili. Nimeficha simu nyuma ya redio na kucheza sauti. Wavinya akasema vizuri kabisa: Susu, nenda, usiogope, nataka nikija unione. Susu akaanza kutabasamu. Simu ikalia! Kyule, akiuliza kama nimefaulu. Susu akapapasa nyuma ya redio, akaishika simu. Akaenda kulala saa nane mchana. Alipoamka aliusalimia mwimo wa mlango akidhani ni mimi. Nimeogopa kweli. Nilitaka kumpelekea Kyule hiyo faili. Nilifika hadi kwenye lango, nikarudi.

Alhamisi, 28 Novemba.

Kesho! Gari la Kyule linaondoka kwenda Wote saa kumi na mbili asubuhi, na Susu bado hataki kulisikia. Nimepakua programu ya kubadilisha sauti. Faili zote zina majina ya kufanana, PTT na tarakimu ndefu. Nikachagua moja, nikaigeuza. MP3 halisi! Kyule akanishauri niisikilize kwanza. Wivu. Nikamwita Susu, jirani yetu Mzee Kitheka, na Kyule mwenyewe ili aumie. Redio ikaongea.

Kwa sauti yangu! Ni ile niliyomtumia Wavinya wiki iliyopita. “Wavi, ile shamba ya ndengu sijagusa. Magugu imefika kiuno. Susu namwambia nimelima, na si haoni? Tuko sawa.”

Mzee Kitheka akatazama kofia yake. Mimi nikatazama mlango. Susu huniita mume wangu, kwa kuwa nina jina la babu.

“Aiya! Mume wangu,” alisema polepole, “hiyo gari inatoka saa ngapi? Hayo macho nayataka kesho. Nataka kuona hiyo shamba.”

Ijumaa, 29 Novemba.

Upasuaji umeenda salama, Mungu asifiwe. Nililia kidogo kule Wote, nikasingizia vumbi. Tumerudi alasiri. Jicho lina bandeji, inatolewa kesho asubuhi kwenye zahanati. Kwa hivyo mpango wangu ulifaulu. Nani mwingine angemshawishi? Kyule anasema nishike jembe sasa hivi, nilime walau mistari inayoonekana kutoka mlangoni. Jembe la nini? Susu sasa anaiamini redio kuliko zamani, maana ilimwambia ukweli. Nimerekodi taarifa kwa sauti nzito ya mtangazaji: wataalamu wamegundua kwamba magugu huhifadhi unyevu, na mkulima hodari hayang'oi. Nimeigeuza MP3 mwenyewe. Safari hii nimeisikiliza kwanza. Katikati ya taarifa punda wetu analia, halafu Susu anasikika akiita, “Mutie! Unaongea na nani huko nyuma?”

Sidhani atatambua.