Programu ya Saa Karakanani Kwetu

Kismayu,
Jumatano, 13 Machi 2019

Kwa Bi Hafswa binti Sharif,
Mtengenezaji wa programu za kompyuta,
Mogadishu.

Kuhusu: Ombi la kuondolewa programu ya kuhesabu saa za kazi

Mwanangu Hafswa,

Baada ya salamu nyingi na kukuombea afya, mimi mjomba wako Abdulkadiri nakuandikia kwa karatasi kwa sababu, lau ningekutumia malalamiko haya kwa simu, ungenijibu kwa kile kikatuni cha njano kinachotokwa machozi kwa kucheka. Jambo hili si la kuchekwa.

Nakiri kwamba programu niliitaka mwenyewe. Shirika lililotuagiza mashua tano za wavuvi wa kisiwa cha Chovai lilisema litalipa kwa saa, na kila saa ioneshwe imetumika katika kazi gani. Ukatutengenezea programu ndogo: fundi anabonyeza jina lake, anachagua kazi, anabonyeza "Anza", akimaliza, anabonyeza "Simama". Ukasema haimshindi mtu yeyote. Kweli, haikutushinda. Hapo ndipo balaa lilipoanza, kama ninavyoeleza hapa chini.

1. Programu yako haina adabu kwa wageni. Siku ya tatu alikuja Famau, muuza mbao, tukaanza kujuliana hali. Tulikuwa hata hatujafika kumuulizia mama yake, kengele ikalia na maandishi makubwa yakatokea: "Bado unafanya kazi?" Famau akashtuka.

"Nani anauliza?"

"Ni Hafswa."

"Si yuko Mogadishu? Amejuaje kama nimekaa?"

Akasimama, akavaa viatu, akaondoka. Wiki nzima hatukupata mbao. Ilinibidi niende kwake kumwomba radhi, kazi iliyochukua saa mbili na dakika kumi, nami kwa uaminifu nikaziingiza kwenye mashua ya pili. Shirika likaniandikia kuuliza kuomba radhi ni sehemu gani ya mashua. Nikawajibu ni mataruma, yaani mbavu zake, maana bila ile radhi mbao za mbavu tusingezipata. Wamelipa. Lakini je, ni haki mtu wa umri wangu kuulizwa maswali ya namna hiyo?

2. Programu imeingia nyumbani kwangu. Mke wa mjomba wako, Barke, alileta chakula karakanani, akatazama tunavyobonyeza, akaelewa kabla sijamaliza kunawa mikono. Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, akaibeba kompyuta jikoni na kuandika jina lake. Jumamosi akaja kuwasomea mafundi wote: yeye, siku ya mapumziko, saa kumi na tatu na nusu, mimi, siku ya kazi, saa tatu na dakika hamsini.

"Abdulkadiri," akasema, "yenye hitilafu ni programu au ni wewe?"

Tangu siku hiyo nakuna nazi. Mafundi wakinipigia simu jioni huniuliza kwanza kama nimeshamaliza.

3. Hili ndilo kubwa, nakuomba ulisome ukiwa umekaa.

Sheikhan unamjua. Tumefanya kazi bega kwa bega miaka thelathini na moja. Kazi yake ni kalafati, kushindilia pamba kwenye maungio ya mbao ili mashua isiingize maji, na hapa Kismayu hakuna anayemfikia. Sasa, wewe uliweka kwenye programu zile nguzo za rangi, kila fundi na yake. Wiki ya kwanza, ungio moja lilimchukua Sheikhan saa moja. Wiki ya nne, saa mbili. Wiki ya sita, saa tatu na zaidi. Nguzo yake ikapanda mpaka ikakaribia kutoka nje ya kioo.

Mimi nikaona ananifanyia uvivu kwa kuwa kazi inalipwa kwa saa. Nikamwendea mbele ya mafundi wote, nikiwa nimebeba kompyuta kama hakimu aliyebeba hukumu. Nikasema, "Sheikhan, hebu nieleze hii."

Hakuigeukia kompyuta. Aliendelea kugonga pamba taratibu, kidole kimoja kikitangulia mbele ya patasi. Kisha akasema, "Programu imesema kweli. Sioni, Abdulkadiri. Huu mwezi wa tano napapasa."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungeniambia nikae nyumbani. Nikae nyumbani na nani?"

Unajua mkewe alifariki mwaka juzi na binti zake wameolewa mbali. Nilimimina maji ndani ya mashua aliyoikalafati kwa kupapasa, nikalala chini yake kutazama. Halikupenya hata tone.

Kesho yake nikampeleka kwa daktari wa macho. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Moja limeshapasuliwa, la pili litapasuliwa baada ya Idi. Kwa hiyo, kwa sababu ya programu yako, nimekosa mkalafati siku tisa.

Na lalamiko lenyewe ni hili: miaka thelathini na moja nakaa na mtu huyu, nala naye sahani moja kila mchana, na sikuona. Kitu chako chenye kengele kimeona kwa wiki sita. Unadhani nalala vizuri?

4. Bandeji imetolewa na Sheikhan amerudi kazini akiwa na jicho moja jipya, wala hatuna raha. Amegundua kwamba mashua ya tatu, niliyoichonga mimi, imeinama upande wa kushoto. Amegundua kwamba misumari yangu haifuati mstari. Jana alinitazama usoni kwa muda mrefu mbele ya watu, akasema, "Kumbe umezeeka hivi, na hukuniambia."

Kwa sababu hizo zote, na kwa heshima kubwa, nakuomba uifute programu hii, kengele yake na nguzo zake, kabla ya Jumatatu asubuhi, ili turudi kufanya kazi bila kujuana.

Nisalimie mama yako na jirani yenu Mwanapili. Barke anakusalimu zaidi kuliko anavyonisalimu mimi. Sheikhan naye anakusalimu, na anakuuliza umeolewa au bado.

Ni mimi mjomba wako, mwenye kukupenda na kukulalamikia,
Abdulkadiri, fundi wa mashua.

Tanbihi: Usifute chochote Jumatatu. Badi, fundi wa Ras Kamboni, anakuja Alhamisi ya wiki ijayo na kompyuta yake, anataka programu kama hii kwa karakana yake, na tumeshakubaliana bei. Nimemwambia nimeibuni mwenyewe. Akikupigia simu, wewe ni karani wangu.