Mwonja Mbege na Vidonge Visivyoisha

Ijumaa, 5 Desemba 2025. Uru.
Miezi minne tangu nitapike damu. Ini lina makovu, mishipa ya koo ilivimba ikapasuka, daktari akaifunga kwa mpira. Akanikataza pombe, akanipa vidonge, asubuhi na jioni, maisha yote. Maisha yote! Malaria yenyewe ni siku tatu. Kwa akili yangu, damu ikikata na dozi imeisha. Kuanzia leo vidonge vinakwenda kwenye migomba. Mke wangu Dominika hukagua pakiti tupu, anaridhika.

Jumatano, 10 Desemba.
Kliniki, Moshi mjini. Nesi Hilda akanipa shikamoo, akanishika mkono. Nikadhani ni heshima. Kumbe anahesabu mapigo! Tisini na mbili. Akasema anayemeza dawa hii moyo wake huenda taratibu. Nikasema nimepanda ngazi mbio. Akaniketisha nusu saa. Tisini na nne. Akaonya kwamba nikiacha dawa damu itarudi. Nikaapa kumeza. Sijameza.

Jumatatu, 15 Desemba.
Jumamosi ukoo unapokea posa ya binti yangu Evelyn. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, haifiki kwa wageni kabla mwonja wa ukoo hajaipitisha. Mwonja ni mimi, mwaka wa kumi na tisa huu. Sasa mdogo wangu Aristides amewaambia wazee kuwa mimi mgonjwa, aonje yeye. Aristides! Hatofautishi ulezi na pumba. Nikawaambia wazee daktari ameruhusu. Kuonja si kunywa.

Jumamosi, 20 Desemba.
Kata ya kwanza ya mbege: ulezi umepungua. Ya pili, kuhakikisha. Ya tatu kwa sababu Aristides alibisha. Ya nne alikuwa amenyamaza, nikashuku.

Jumatatu, 22 Desemba. Wodini.
Jana alfajiri nilitapika damu, beseni zima. Dominika alilia mpaka sauti ikakauka. Niliogopa sana. Naandika hapa tu, nje sisemi. Mishipa imefungwa tena. Daktari kasema yale yale: vidonge visikatizwe, pombe isiguswe, safari ijayo huenda wasiniwahi. Nimeitikia kila neno.
Nimeongezewa chupa mbili za damu. Moja katoa Aristides, nyingine mchumba wa Evelyn. Vijana wazima, hawajui kidonge. Sasa sehemu kubwa ya damu yangu haina ugonjwa wowote. Asubuhi nitameza. Cha jioni hakina kazi tena.